Gauni la Faranga Mia Tatu

Desemba 2021 zamu ya mchezo ilimfikia dada yangu. Walikuwa wanawake kumi, wote wafanyakazi wa benki moja Dar es Salaam, kila mmoja akitoa laki tano kwa mwezi. Miaka iliyotangulia zamu yake ilikwenda kwenye ada za watoto, kwenye mabati ya nyumba, kwenye matibabu ya mama. Safari hii ada zilikuwa zimelipwa, nyumba imeezekwa, mama amepona, na yeye alikuwa anatimiza miaka arobaini. Akanitumia picha ya mkoba kwa WhatsApp, na chini yake akaandika: "Mdogo wangu, huu. Si mwingine."

Mimi nilikuwa Paris, mwaka wa pili wa masomo. Nikaingia kwenye tovuti ya wenye mkoba nikaona bei: euro 1,900. Kwa kiwango cha wakati ule, ni karibu milioni tano, yaani mchezo mzima. Dada alikuwa ameshapiga hesabu hiyo muda mrefu kabla ya kunitumia picha.

Fedha zilichukua siku kadhaa kunifikia, kisha nikabanwa na mitihani. Nilikwenda dukani katikati ya Januari. Nje kulikuwa na foleni kwenye baridi, na mlinzi aliyevaa suti nzuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuwa nayo alikuwa akiruhusu watu wawili wawili. Ndani, binti aliyenihudumia aliuleta mkoba akauweka juu ya kitambaa, akataja bei: euro 2,200.

Nikamwambia wiki tatu zilizopita ilikuwa 1,900. Akatabasamu kwa adabu, akasema bei zimerekebishwa mwanzoni mwa mwaka. Nikamuuliza ni kitu gani kimebadilika kwenye mkoba.

"Hakuna," akasema. "Ni uleule."

Nyumba hiyo sitaitaja, na haina haja, kwa sababu katika miaka ile karibu nyumba zote kubwa zilifanya hivyohivyo, nyingine zaidi ya mara moja kwa mwaka. Nilitoka na pesa za dada yangu zikiwa bado kwenye akaunti yangu, nikatembea hadi kituo cha metro nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Hakuna aliyeniibia, wala hakuna aliyenitukana. Kitu kilekile, kwenye rafu ileile, kilikuwa kimesogea hatua moja mbele, kikamwacha dada yangu nyuma kwa euro 300.

Nilikuwa nasomea historia, na sisi watu wa historia jambo likituuma hukimbilia maktaba. Nilitaka kujua ni tangu lini wauza nguo wamekuwa wakitumia bei kuchagua wateja.

Kisa cha zamani kuliko vyote nilivyovikuta ni cha mwaka 1860 hivi, na kilitokea hapohapo Paris. Pauline von Metternich alikuwa mke wa balozi wa Austria, mwanamke wa ukoo mkubwa na mdomo mwepesi. Siku moja mjakazi wake alimpelekea kitabu cha michoro ya magauni. Kilikuwa kimeletwa na mwanamke ambaye mumewe, Mwingereza aitwaye Charles Frederick Worth, alikuwa amefungua nyumba ya ushonaji mtaa wa Rue de la Paix mwaka 1858. Mwingereza awashonee wanawake wa Paris? Bibi Metternich aliona ni mzaha, lakini alipokifungua kitabu mzaha ukaisha. Akaagiza magauni mawili, moja la mchana na moja la usiku, kwa sharti kwamba kila moja lisizidi faranga 300.

Gauni la usiku alilivaa kwenye dansi ya ikulu ya Tuileries. Malkia Eugénie, mke wa Napoleon wa Tatu, akamuuliza limeshonwa na nani, na kesho yake Worth akaitwa ikulu. Katika kumbukumbu zake za uzeeni Bibi Metternich alilieleza jambo hili kwa masikitiko ya kuchekesha: siku ile Worth alifanikiwa na yeye akaangamia, kwa maana tangu hapo gauni la faranga 300 halikuonekana tena.

Nilikisoma kisa hicho mara mbili. Fundi alikuwa yuleyule, sindano zilezile. Kilichobadilika ni mtu aliyelivaa gauni na waliomwona akiwa amelivaa.

Worth alibadilisha jambo kubwa zaidi ya bei. Kabla yake, mshonaji wa Paris alikuwa kama fundi wetu wa mtaani. Mpaka leo dada yangu ananunua kitambaa Kariakoo, anakipeleka kwa fundi wake Sinza, anamwonyesha picha kwenye simu, na wanapatana bei huku wakitaniana. Fundi akikosea, anaambiwa afumue. Mwenye kitambaa ndiye mwenye neno. Worth aliupindua mpango huo. Wateja walimfuata yeye, yeye ndiye aliyeamua nini kivaliwe msimu huu, alikuwa na wasichana wa kuvaa magauni na kuyatembeza mbele ya wateja, na alishonea jina lake ndani ya nguo kama mchoraji anayetia sahihi kwenye picha. Ufalme wa Napoleon wa Tatu ulipoanguka mwaka 1870, nyumba ya Worth haikuanguka nao. Wake na mabinti wa matajiri wapya wa Marekani walivuka bahari kumfuata. Walikuwa na fedha ila hawakuwa na ukoo, na jina lile ndani ya gauni liliwaazima kidogo kile walichokosa. Mwaka 1899 mwanauchumi wa Marekani, Thorstein Veblen, alichapisha kitabu kizima juu ya watu wa aina hiyo, akieleza kwamba kuna vitu ambavyo thamani yake ni kuonekana vimegharimu. Wanauchumi wa leo bado wanaziita kwa jina lake bidhaa ambazo hutamaniwa zaidi bei inapopanda.

Lakini magauni ya kushonewa mtu mmoja mmoja hayana faida isiyo na mwisho, kwa sababu matajiri ni wachache na mikono ya mafundi ina kikomo. Hapo ndipo alipoingia mtu kama dada yangu.

Mlango wake wa kwanza ulikuwa chupa. Mwaka 1921 Gabrielle Chanel alitoa manukato yake namba 5, na mwaka 1924 ikaundwa kampuni ya kuyauza kwa mapana pamoja na ndugu wawili wa ukoo wa Wertheimer, ukoo ambao leo ndio wenye Chanel yote. Karani ambaye asingeweza kununua hata mkono wa gauni la Chanel aliweza kujinyima akanunua harufu yake. Christian Dior alipoonyesha magauni yake ya kwanza Februari 1947, manukato ya Miss Dior nayo yalitoka mwaka uleule. Gauni lilipigwa picha magazetini, na chupa ikaenda madukani kuwasubiri waliotazama picha.

Kisha mlango ukafunguliwa hadi ukutani. Pierre Cardin aliuza haki ya kutumia jina lake kwa viwanda vya kila aina, hata likakaa kwenye kalamu, taulo na pakiti za sigara. Nakumbuka baba alikuwa na mkanda ulioandikwa Pierre Cardin, aliununua Kariakoo, na hakuna nyumbani aliyejua huyo ni mtu au kampuni. Gucci nayo kufikia miaka ya 1980 ilikuwa imelitawanya jina lake kwenye vitu vingi mno. Fedha ziliingia, lakini jina lilianza kupauka. Kitu ambacho kila mtu anacho hakimtofautishi mtu na mwenzake, na kutofautishwa ndiko kulikokuwa kunauzwa.

Mwaka 1984 mfanyabiashara Mfaransa, Bernard Arnault, alinunua kampuni ya Boussac iliyokuwa imefilisika, kwa sababu ndani yake kulikuwa na Christian Dior. Mwaka 1987 Louis Vuitton na Moët Hennessy ziliungana kuwa LVMH, na kufikia 1989 Arnault ndiye aliyekuwa akiiongoza. Kazi mojawapo ya kizazi hicho ilikuwa kurudisha nyumbani majina yaliyokuwa yamekodishwa hovyo. Ila sasa majina hayo yalikuwa ndani ya kampuni yenye hisa sokoni, na mwenye hisa haulizi gauni ni zuri kiasi gani, anauliza mauzo yamekua kwa kiasi gani kuliko mwaka jana.

Kukua kuna njia mbili, kuuza vitu vingi zaidi au kuuza kila kimoja ghali zaidi. Kwa takriban miaka thelathini nyumba hizi zilifuata sana njia ya kwanza. Louis Vuitton ilikuwa imeshafungua Tokyo na Osaka mwaka 1978, ikafungua Beijing mwaka 1992. Wasichana wa ofisini wa Japani, kisha tabaka jipya la kati la China, walijaza maduka yale. Miwani, mkanda, pochi ndogo ya kadi, mkoba wa kwanza baada ya kupandishwa cheo. Watu wa biashara hiyo wana jina kwa wateja wa namna hii: wenye matamanio. Ni mtu ambaye hajafika ila anaelekea, na yuko tayari kulipia nauli.

Nyumba iliyonifundisha kwamba mtu huyo hupendwa na kuogopwa kwa wakati mmoja ni Burberry ya Uingereza. Thomas Burberry aliianzisha mwaka 1856 akiwa kijana wa miaka 21, akatengeneza kitambaa cha gabadini kisichopitisha maji, na makoti yake yakavaliwa na maofisa wa jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza. Mirabaraba ile ya rangi ya udongo, nyeusi, nyeupe na nyekundu ilianza kama bitana, kitu cha ndani ambacho mwenye koti tu ndiye aliyekiona. Miaka ya 1990 ilipokwisha bitana ikatoka nje, ikawa kofia, skafu, miavuli, na bei za baadhi ya vitu hivyo zilikuwa ndani ya uwezo wa kijana mwenye kibarua.

Vijana wakanunua. Mashabiki wa mpira wakavaa kofia zile viwanjani. Magazeti ya Uingereza yakaanza kuwacheka, yakitumia neno la dharau kwa vijana wa tabaka la chini wanaopenda nguo zenye majina, na baadhi ya baa zikakataa kumwingiza mtu aliyevaa mirabaraba hiyo. Fikiria hilo kidogo. Nguo ni halisi, imelipiwa kwa fedha halali, ila mvaaji anazuiwa mlangoni kwa sababu ameivaa. Mwaka 2004 kampuni ikaacha kuuza ile kofia, na miaka iliyofuata mirabaraba ikarudishwa ndani, bei zikapanda. Hakuna aliyesema waziwazi kwamba wale vijana hawatakiwi. Bei ilisema kwa niaba yao wote.

Mwaka 2018 ikajulikana kwamba Burberry, katika mwaka mmoja wa hesabu, ilikuwa imeharibu bidhaa zake zenye thamani ya pauni milioni 28.6. Vitu vipya, vizima, vilivyochomwa moto. Kuvipunguza bei hadi viishe kungewafikisha mikononi mwa watu wasiokusudiwa, na hiyo ilionekana kuwa hasara kubwa kuliko moto. Haikuwa nyumba pekee yenye desturi hiyo. Watu walipopiga kelele, Burberry ilitangaza Septemba mwaka huohuo kwamba inaacha. Ufaransa nayo ilipitisha sheria ya kuzuia uharibifu wa bidhaa zisizouzwa mwaka 2020.

Kisha likaja janga la Uviko-19, na njia ya pili ya kukua ikawa barabara kuu. Maduka yalifungwa, ila wenye nazo walikuwa wamekaa nyumbani na fedha ambazo hazikwenda kwenye safari wala hoteli. Chanel ndiyo mfano unaotajwa zaidi. Mkoba wake wa mnyororo ulizaliwa Februari 1955, na ndiyo maana unaitwa 2.55. Ulikuwa na wazo zuri ndani yake, kwamba mwanamke auning'inize begani mikono yake ibaki huru. Toleo la kati la mkoba huo lililotengenezwa baadaye na Karl Lagerfeld liliuzwa Marekani kwa chini ya dola 6,000 mwaka 2019. Kufikia 2024 lilikuwa limepita dola 10,000. Chanel ilieleza kwamba malighafi zimepanda na kwamba inasawazisha bei kati ya nchi na nchi. Inawezekana kabisa. Lakini ngozi ya kondoo haikupanda hivyo.

Sehemu ya gharama iliyo ndogo kuliko tunavyodhani ilionekana Milano mwaka 2024, mahakama ilipochunguza karakana zilizokuwa zikiitengenezea kazi kampuni tanzu ya Dior nchini Italia. Nyaraka zilionyesha karakana moja ililipwa euro 53 kwa kuunga mkoba ambao dukani uliuzwa euro 2,600. Ngozi haikuhesabiwa humo, wala kodi ya duka, wala matangazo. Hata hivyo nilipoiona namba hiyo nilimkumbuka yule binti na kitambaa chake.

Nani basi alikuwa akilengwa? Kwa hesabu za Bain, kampuni ya ushauri inayofuatilia biashara hii kila mwaka, wateja wa juu kabisa, kama asilimia 2 tu ya wote, hufanya karibu asilimia 40 ya manunuzi. Ukilijua hilo, bei inaeleweka. Mwaka 2022 Chanel ilisema itafungua maduka ya faragha kwa ajili ya wateja wake wakubwa, kwa sababu mtu aliyenunua vya mamilioni hapendi kupanga foleni na aliyekuja kununua pochi moja. Foleni niliyosimama mimi ilikuwa imegeuka usumbufu kwa wengine.

Mwishoni mwa 2024 Bain ikatoa hesabu nyingine: katika miaka miwili, biashara ya anasa ilikuwa imepoteza wateja wapatao milioni 50. Baadhi waliondoka kwa kuchoka, wengi kwa kushindwa. Mwaka huohuo Burberry, iliyokuwa imejaribu kujipandisha ikae karibu na nyumba za Paris, ilibadilisha mkurugenzi mkuu mwezi Julai, na Septemba ikaondolewa kwenye orodha ya kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London. Mkurugenzi mpya akarudi kwenye makoti na skafu, na kwenye bei ambazo watu wengi zaidi wangezimudu. Mlango ukafunguliwa tena nusu. Nikitazama miaka mia moja na sitini tangu dansi ya Tuileries, naona mlango huo ukifunguka na kufungwa kila mara, na aliyesimama kizingitini ni yuleyule: mtu wa kati, anayeitwa fedha zinapohitajika na kuonekana amezidi jina linapoanza kupauka.

Hayo yote nilikuja kuyaunganisha baadaye. Januari ile ya 2022 nilimpigia dada nikamweleza bei. Nikajitolea kuongeza hizo euro 300 kutoka kwenye posho yangu. Alikaa kimya kidogo. "Acha," akasema. "Nirudishie tu hela." Zikaenda kwenye tangi la maji na pampu.

Nilirudi nyumbani mwisho wa 2024. Jioni moja tukiwa kibarazani kwake nilimsimulia habari za Bibi Metternich na faranga zake 300, na za zile kofia za Burberry. Nilidhani nampa dawa, kwamba ajue haikuwa yeye, ilikuwa ni mfumo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniongezea chai, kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia.

Kwenye tawi lao kuna chumba cha wateja maalumu. Kina viti vya ngozi, kahawa, na kiyoyozi kinachofanya kazi. Dada ndiye aliyekuwa akikihudumia kwa miaka, na ni humo alimouona ule mkoba kwa mara ya kwanza, umewekwa juu ya meza na mama mmoja aliyekuwa akisaini fomu. Mwaka 2021 makao makuu yalipandisha kiwango cha fedha ambacho mtu anatakiwa awe nacho kwenye akaunti ili akae humo. Waliokuwa chini ya kiwango kipya walitakiwa kurudi kwenye foleni ya kawaida, na dada ndiye aliyepewa kazi ya kuwaambia. Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu. Mafao yake yalikuwa yamemwingiza humo, na matumizi ya kawaida ya maisha yalikuwa yamempunguza taratibu. Alikuwa ameshakaa kwenye kiti, ameshashika kikombe.

"Nikamwambia, mama, masharti yamerekebishwa," dada alisema. "Akaniuliza amekosa nini. Nikamwambia hakuna, mama, hujakosa kitu."

Tukanyamaza. Pampu ilikuwa ikivuta maji nyuma ya nyumba.

Kisha akaniuliza yule binti wa dukani, siku ile Paris, alikuwaje. Nikamwambia alikuwa na adabu sana.

"Najua," akasema. "Hata mimi nilikuwa na adabu."